Uzi Uliopimia Kiuno cha Leso

Salimu wangu,

Assalamu alaikum huko uliko, na Mola akupanulie kaburi lako. Mimi ni mzima. Leso naye ni mzima, na najua hilo ndilo ungeuliza kwanza kabla hujaniuliza habari zangu, kwa hiyo nimekujibu mapema ili tusigombane.

Kesho natoka eda. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani ya nyumba hii ya Msambweni, sipaki hina, sijifukizi udi, sitoki nje ya ua, na muda wote huo mwenzangu wa chumbani alikuwa nyoka. Nyoka, Salimu! Mimi niliyekuwa nikiruka nikiuona mpira wa maji umejikunja kwenye majani. Kama huko mnaruhusiwa kucheka, cheka, nimekupa ruhusa.

Unakumbuka siku ulipomleta? Yule bibi wa Kijerumani uliyemtunzia bustani kule Diani alikuwa akirudi kwao kwa ajili ya ugonjwa, akakukabidhi sanduku la kioo, karatasi zenye mihuri, na ndani yake kidude chekundu, chembamba kama kalamu. Ukasema huyu ni nyoka wa mahindi, kwao Marekani hukaa maghalani akila panya, hana sumu hata tone. Nikakwambia sina shida na sumu yake, nina shida na yeye mwenyewe. Ukasema, "Mwanaidi, hii ni amana." Basi nikakubali, maana neno hilo likishakutoka mdomoni hakuna wa kulirudisha. Nikakupa masharti yangu: nyoka akae bandani, asivuke kizingiti cha nyumba, na kile kikombe cha bati cha buluu unachoyeyushia panya wake wa barafu nisikione jikoni kwangu. Ukakubali yote kwa haraka ya mtu asiye na nia ya kutimiza hata moja.

Wiki haikupita ukaanza kuniita. "Njoo utazame mgongo wake." Nikaja, nikasimama mbali, mkono kiunoni. Mabaka mekundu yenye pindo jeusi, na tumbo la miraba miraba. "Si leso ya kujifunga hii?" ukasema. "Bado kuandikwa jina tu." Ndipo akaitwa Leso, na mimi, lo, nikacheka bila kupenda.

Nakuambia leo lile nililokuficha: nilikuwa nikikusikiliza. Nilikuwa kibarazani nashona, cherehani inalia, nawe unajua mke wako hana habari na wewe. Kumbe masikio yalikuwa bandani. Nilikusikia ukimweleza mtu yeyote aliyekubali kusimama. Nyoka mdogo hupewa kichanga cha panya, yule mwekundu asiye na manyoya, mmoja kila baada ya siku tano au sita. Akikua kidogo, mwenye vinyweleo. Akikua zaidi, yule aliyefungua macho na kuanza kurukaruka. Asipewe panya mzima mwenye meno, atang'atwa yeye. Asipewe panya wa ghalani, huenda ameshalamba sumu ya watu. Akishakula asishikwe siku mbili, atatapika. Na lile lako la kila siku: "Usimpe kinachozidi kiuno chake." Nikakupigia kelele kutoka kibarazani kwamba nyoka hana kiuno. Ukanijibu, "Anacho, mwili mzima ni kiuno." Nikashona pindo kombo kwa kucheka.

Sasa tuje kwenye lile zito. Asubuhi ya siku ile ya mwisho nilikugombeza. Reli ya uzi wangu wa buluu ilikuwa imepungua, na nilikuwa na sare za watoto wa madrasa za kumaliza. Nikakuuliza, "Uzi wangu umeula?" Nikaongeza na mengine, unanijua nikianza. Ukacheka tu, ukachukua fyekeo lako ukatoka. Baada ya alasiri ulikuwa umelala chini karibu na lango, na fyekeo mkononi. Daktari alisema ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Neno langu la mwisho kwako likawa uzi.

Wanaume walikuja wakakata sanda yako. Hakuna aliyeniuliza kipimo. Miaka kumi na tisa nimekushonea kanzu, mabega yako nayajua nikifumba macho, mkono wako wa kulia umeuzidi wa kushoto kwa nusu kidole, nami nimekaa chumbani nasikia mkasi wa watu wengine. Hilo liliniuma, Salimu, na bado linaniuma.

Hata matanga hayajaanuliwa, maneno yakaanza. Daktari kasema presha, lakini watu wana daktari wao. Salimu kauawa na nyoka wake. Salimu alimfuga jini. Mwenye kuamini akaamini, asiyeamini akaongeza chumvi. Ndugu yako Hamisi alikuja kutoka kwenye biashara yake ya mbuzi kule Taru, macho mekundu kwa kulia, akaenda moja kwa moja bandani na panga. Mimi na buibui langu jeusi nikamwahi mlangoni. Sijui miguu ilipata wapi nguvu. Nikamwambia, "Shemeji, ukimuua huyu umekubali kwamba ndugu yako alikuwa mchawi. Ua basi, watu waone." Panga likashuka. Lakini Hamisi ni Hamisi. Akasema, "Nakupa mpaka arubaini. Mimi naishi na wanyama. Mnyama asiyekula ana jambo. Siku ya hitima ya arubaini nikimkuta bado hali chakula, nitamtoa mwenyewe na hutanizuia." Nikasema haya, mkataba, maana nilijua Leso ni mlafi.

Nikalibeba lile sanduku mimi mwenyewe, nikamvusha Leso kizingiti. Ndiyo. Mimi.

Siku ya tatu, dada yako Fatuma aliyekuja kutoka Matuga kukaa nami alikuwa akipanga nguo zako za kutolewa sadaka. Katika mfuko wa shati lako la kazi akatoa uzi. Wa buluu. Una mafundo matatu. Aliniletea akidhani ni kitu cha kushonea, nami nikauangalia mpaka ukaanza kucheza machoni. Ulikuwa ukimzungushia Leso pale alipo mnene na kufunga fundo, kila mwezi fundo lake. Kisha unamzungushia panya uzi uleule, fundo la mwisho likifika, anafaa. Ulijifunza kwangu, maskini, kupima kama fundi. Na ulikuwa unaniibia uzi kwa sababu uliona aibu kuniomba uzi wa kumpimia nyoka.

Niliulilia uzi ule kuliko nilivyolia mbele ya watu.

Siku ya sita nikasema, sasa kazi. Nikamwambia Wifi aniletee kichanga kimoja kutoka kwenye mikebe yako mitatu iliyo ndani ya friji dogo la bandani. Akaniletea amekishika kwa ncha za vidole, uso ameugeuzia ukutani. Nikakiyeyusha kwa maji ya uvuguvugu katika kikombe cha buluu. Nikazungusha uzi, fundo likafika sawia. Nikajibana pua kwa pindo la mtandio, nikamshikia Leso kile kichanga kwa koleo lako, nikasema Bismillahi. Akatoa ulimi mara mbili, akarudi nyuma, akajificha chini ya gome la mti lililomo sandukuni.

Nikasema labda anajivua gamba, maana macho yalikuwa na ukungu ule wa buluu uliokuwa ukiutaja, na wewe ulisema anayejivua halazimishwi. Kweli baada ya siku nne akaacha gamba lake pale, jembamba, zima, mpaka ncha ya mkia. Nikampa tena. Akakataa. Nikampa mwingine baada ya siku tano. Akakataa. Nikafikiri labda amekua, anataka mkubwa. Nikaomba mkebe wa pili, wa wenye vinyweleo. Nikazungusha uzi, fundo halikufika, panya amezidi. Mkono ulikuwa unaniambia nimpe tu, bora ale. Nikasikia sauti yako na kile kiuno chako cha mwili mzima, nikamrudisha. Hamisi akapitisha mlangoni panya wa ghalani kwake, amenasa kwenye mtego, mkubwa kama embe. "Mpe huyu tuone." Nikamwambia hapana, yule wa ghala simwamini. Akaguna. Nikajua anahesabu siku.

Wiki ya tano mgongo wa Leso ukaanza kuonyesha uti. Hakutembea tena, alikaa amejikunja pembeni. Nikawa nakaa mbele ya kioo kutwa nzima, mimi na yeye, mjane na yatima wake. Nilimsihi. Jamani, nilimsihi nyoka kwa Kiswahili kizuri kuliko kile nilichokuposea moyoni mwangu. Nikamwambia, "Mwenzangu, mimi nimekula uji kwa kulazimishwa, na wewe jilazimishe." Nilikuwa naona hivi: akifa huyu, watasema alimfuata bwana wake, na maneno ya jini yatasimama mpaka Kiyama. Na ile amana itakuwa imeanguka mikononi mwangu, mikono iliyokugombeza kwa uzi.

Siku moja kabla ya arubaini, nyumba imejaa kina mama wanachambua mchele, nilijaribu mara ya mwisho. Nikaweka kichanga kwenye maji ya moto kidogo kuliko siku nyingine. Nilikuwa nalia, na mtandio ukaniteleza begani, sikujibana pua. Mvuke ukapanda. Salimu, nikasikia harufu ya samaki. Si harufu ya samaki mbichi, la. Harufu ya changu aliyeoshwa vizuri akingoja kikaango. Nikainama nikanusa tena, mimi, nimenusa panya! Ndimu. Ndimu na chumvi.

Nikamwita Wifi. Akaja anapangusa mikono. Nikamuuliza polepole, "Wifi, hawa panya umewafanya nini?"

Akaona haya. Akaeleza. Siku ya pili ya matanga walikosa mahali pa kugandisha barafu ya maji ya wageni, akafungua friji lako. Alipoona kilichomo alipiga ukelele uliofikiriwa ni wa msiba. Mtu mwingine angetupa mikebe yote jalalani. Yeye hakuweza, ni vitu vya ndugu yake. Lakini barafu ya watu haiwezi kulala na uchafu. Basi akawatoa wote, mkebe kwa mkebe, akawaosha mmoja mmoja kwa ndimu na chumvi kuondoa shombo, akawasuuza maji matatu, akawafunga kwenye mifuko mipya na kuwarudisha kila mmoja kwenye mkebe wake. "Nimemwogesha Salimu tangu ana miaka miwili," akasema. "Nitashindwa kuosha panya wake?"

Nilicheka. Nisamehe, nilikuwa na siku thelathini na tisa tu, na nilicheka mpaka nikakaa chini. Nyoka hunusa kwa ulimi, ulinifundisha wewe, na sisi tulikuwa tunampa ndimu! Wifi akanitazama akadhani nimeingiwa, kisha naye kikamjia kicheko, tukashikana, na katikati ya kucheka tukajikuta tunalia kwa sauti, na kina mama wakaacha mchele wakaja mlangoni kutubembeleza. Hakuna aliyewaeleza sababu.

Kisha Wifi akapangusa macho akasema kwa sauti ya chini kwamba wale panya weupe uliokuwa ukiwafuga kwenye tundu nyuma ya banda bado wapo. Alikuwa akiwalisha pumba na viazi alfajiri, kabla watu hawajaamka, ili asionekane. Na jike mmoja amezaa siku tatu zilizopita. Alaa kumbe! Mwezi mzima ananiambia panya ni mkosi.

Kazi ya kumtayarisha kichanga mmoja niliifanya mimi, haraka na bila kumtesa, kama nilivyokuona ukifanya. Sitaisimulia. Nilinawa mikono kwa maji matupu, bila sabuni. Nilikuwa nimemchagua aliye mdogo zaidi katika wale, maana Leso alikuwa amepungua; nikazungusha uzi, fundo la tatu likafika na kubaki nafasi ya unywele. Nikamweka kwenye koleo. Wifi amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje.

Ulimi ukatoka. Ukatoka tena. Kichwa kikainuka, kile kichwa kidogo, kikasogea taratibu sana. Halafu mara, akamdaka! Akamzungushia mwili, akatulia, akatafuta kichwa cha panya, akaanza kumeza. Wifi akasema "Mashaallah!" kwa sauti kama mtoto kapiga hatua ya kwanza, kisha akajiziba mdomo kwa aibu.

Kesho yake baada ya hitima Hamisi alikuja kusimama nyuma ya pazia. "Shemeji. Vipi yule?" Nikasema, "Amekula." "Amekula nini?" Nikamwambia alikula kichanga jana, na asifunue kifuniko, akishakula hashikwi siku mbili. Akasema, "Mnyama anayekula haguswi," akaenda zake. Sikumwambia habari ya ndimu. Fatuma ni dada yake mkubwa, na heshima ya mtu ni heshima. Lakini wiki iliyofuata Hamisi alileta kifuniko kipya cha mbao, kimepigwa randa vizuri, kina matundu ya hewa, na jana nimemsikia nje ya lango akimwambia mtu, "Yule ni nyoka wa ghala tu, anaitwa Leso, hana neno." Mambo ya jini yamepungua. Hayajaisha, lakini yamepungua.

Ile mikebe yenye ndimu nimeifukia nyuma ya banda. Wifi aliisomea dua kimoyomoyo, nilimwona.

Sasa Leso amehamia kwa wenye vinyweleo. Nimempima, uzi una mafundo matano, mawili ni yangu. Fundo langu la kwanza lilikaa nyuma ya lako la mwisho, na kuliona pale kulinichoma, lakini la pili limelipita. Na mimi nanenepa kidogo kidogo, Wifi anahakikisha. Msiba huu umenizidi kiuno, mume wangu. Ndiyo maana nimekuwa nikiumeza kwa vipande, leo shati lako, kesho kikombe chako. Kanzu ya Idi bado siiwezi, imefungwa kabatini.

Kikombe cha buluu kimeingia jikoni. Kina kigingi chake karibu na mlango. Usiseme kitu.

Kesho nitaoga, nitavaa leso ya rangi, nitavuka lango lile ulipoanguka. Nitakwenda mpaka Ukunda kununua reli mpya ya uzi, buluu ileile. Nakuahidi amana yako sitaiacha. Nitamlisha kwa kipimo chako, na uzi huu ukijaa mafundo nitakata mwingine, mrefu utakavyo.

Lala salama, Salimu. Uzi wote ni wako, ungeniomba tu.

Mkeo,
Mwanaidi